Kobe Mwenye Nundu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Gamba Lililoharibika

Kombo aliletwa kwetu Maskati ndani ya beseni la kufulia, familia iliyomlea ikiwa katika pilikapilika za kuhama. Ni kobe wa Sahel, wale wakubwa wenye miiba mapajani, ambao ni wengi sana katika nyumba za Ghuba. Miaka minne ya kwanza aliishi ndani ya fleti, kiyoyozi kikivuma usiku na mchana, akila letasi na vipande vya mkate. Mgongo wake ulikuwa umeota vichuguu, kila kigae na kilele chake, na alipotembea makalio yaliburuta sakafuni. Ndiyo maana tukamwita Kombo.

Tangu hapo watu wananipigia simu kutoka Maskati, Dubai, Mombasa hata Dar es Salaam, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa. Mimi si daktari. Haya ni ya kumsaidia mtu kumtunza kobe wake vizuri na kujua wakati wa kumkimbiza kwa daktari.

Mgongo wa kobe wangu umeota nundu. Je, ni ugonjwa?

Nundu yenyewe ni kovu la malezi. Inakwambia kwamba wakati kobe huyu anakua, kuna kitu alikosa kwa muda mrefu. Wapo kobe wenye nundu kubwa wanaokula vizuri, wanaotembea wameinua tumbo na wanaoishi miaka mingi. Wapo pia ambao nundu zao zimeandamana na mifupa iliyolegea, na hao ni wagonjwa hasa. Kazi yako ya kwanza ni kujua wako yuko upande upi, na swali la nne hapa chini litakusaidia.

Nundu zinatokana na nini hasa?

Tuanze na gamba lenyewe. Watu wengi hudhani ni kama nyumba ya konokono, kitu ambacho mnyama amekibeba. Sivyo. Gamba la kobe ni mbavu na uti wake wa mgongo, vimeungana na mifupa mingine ya bapa mpaka ikawa kuba moja ya mifupa ipatayo 50 hadi 60. Juu ya mifupa hiyo kuna vigae vya keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zetu. Kigae hukua kwa kuongeza ufito mpya ukingoni mwake, pale kinapokutana na jirani yake.

Ufito ule mpya ni laini. Ukikulia kwenye hewa yenye unyevu, hutanuka kwa ubapa. Ukikulia kwenye hewa kavu, hukauka na kukakamaa mapema, ukajikunja kuelekea chini, na mfupa ulio chini yake ukafuata umbo hilo. Msimu baada ya msimu, katikati ya kigae hubaki juu na kingo huzama. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi leo.

Zamani kosa lote lilitupiwa protini. Mwaka 2003 watafiti Wiesner na Iben wa Vienna walichapisha matokeo ya kulea watoto 50 wa kobe wa Sahel kwa miezi 5, makundi mbalimbali yakipewa viwango tofauti vya unyevu na vya protini. Waliolelewa kwenye hewa kavu ndio walioota nundu ndefu. Protini ilichangia kidogo tu. Haimaanishi umpe kobe nyama. Chakula kizito humfanya akue haraka kupita kiasi, na kalsiamu ikipungua wakati huo mifupa huharibika kwa njia nyingine. Ila ukitaka kujua nundu zilianzia wapi, anza kuangalia hewa.

Hili huwashangaza wengi wetu tunaoishi pwani. Nje ya dirisha langu Maskati kiangazi hewa ni nzito kwa unyevu wa bahari, nguo hazikauki. Ndani, kiyoyozi kimeinyonya yote. Kombo alikulia mita mbili kutoka kwenye hewa aliyoihitaji.

Nikimtunza vizuri, nundu zitaondoka?

Hapana, na anayekuuzia dawa ya kuziondoa anakuibia. Umbo la mfupa uliokwisha kukomaa halirudi nyuma. Kinachobadilika ni gamba jipya. Ukirekebisha hewa, jua, maji na chakula, ukuaji utakaofuata utatoka laini na bapa, na kwa kobe mdogo nundu za utotoni huonekana kupungua kwa sababu mwili mpya unazizunguka.

Kwa Kombo ilichukua miezi saba kabla sijaona chochote. Asubuhi moja, akiwa bado amelowa kutoka kuogeshwa, nikaona kati ya kigae na kigae ufito mwembamba wa rangi ya maziwa, mpana kama ubapa wa kiberiti, laini kwa kidole kama kucha mpya ya mtoto. Ulikuwa tambarare. Nilimwita mke wangu aje auone. Huo ndio ufito wa kuutafuta, usiangalie vilele.

Nitajuaje kama ni nundu tu au mifupa imelegea?

Mfupa uliolegea ni matege ya kobe. Hutokea kalsiamu ikikosekana, au ikiwapo lakini mwili hauwezi kuitumia kwa sababu hakuna vitamini D3, ambayo kobe huitengeneza kwa jua. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu, huichota mifupani, na kwa kobe hilo ni pamoja na gamba.

Mwinue kwa mikono miwili. Kobe mzima ni mzito kuliko unavyotarajia, kama jiwe. Mwenye matege ni mwepesi kwa ukubwa wake. Bonyeza taratibu gamba la tumboni kwa kidole gumba. Kwa mtoto wa miezi michache kunesa kidogo ni kawaida, lakini kwa kobe aliyepita mwaka mmoja panapaswa kuwa pagumu. Mtazame kwa upande: je, mgongo umedidimia juu ya kiuno? Kingo za gamba zimepinda kuelekea juu kama kingo za sahani? Taya la chini limelegea, mdomo haufungi sawasawa? Anatembea ameinua tumbo, au anajiburuta? Miguu inatetemeka?

Ukiona hata dalili mbili kati ya hizo, mpeleke kwa daktari wa wanyama na uombe eksirei. Usianze kumwagia unga wa kalsiamu ukitumaini itatosha.

Na kuna jambo moja la ndani lisiloonekana. Mapafu ya kobe yamelala juu, yamepakana na dari ya gamba. Kobe mwenye kibiongo au mgongo uliodidimia ana nafasi ndogo ya kupumulia, kwa hiyo mafua yanayompata mwenzake yakapita, yeye yanaweza kumshinda. Mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, kunyoosha shingo kila anapovuta hewa: usisubiri.

Anahitaji jua kiasi gani? Dirishani hapatoshi?

Dirishani hapatoshi kabisa. Kioo hupitisha joto na mwanga, lakini huzuia karibu yote ya mionzi ya UVB, na hiyo ndiyo inayotengeneza vitamini D3 kwenye ngozi. Kobe anayeota jua nyuma ya kioo anapata joto tu.

Mtoe nje kila siku hali ya hewa inaporuhusu, jua la asubuhi na la alasiri, na pawe na kivuli anachoweza kukifikia mwenyewe. Njia yake kuu ya kujipoza ni kuondoka juani. Kobe aliyeachwa kwenye beseni saa sita mchana bila kivuli anaweza kufa, na mwenye gamba bovu na miguu dhaifu hufa upesi zaidi kwa sababu hawezi kutoroka. Kiangazi cha Maskati, joto likipita nyuzi 40, Kombo hutoka alfajiri na magharibi tu.

Asiyeweza kutoka anahitaji taa ya UVB, si taa yoyote nyekundu ya joto. Ibadilishe kama mtengenezaji anavyoelekeza, kwa kawaida ndani ya mwaka, maana taa huendelea kuwaka hata baada ya mionzi kwisha. Sehemu ya kuotea joto iwe nyuzi 32 hadi 35, na upande wa pili wa boma uwe wa baridi kiasi ili achague.

Unyevu niupateje bila kumfanya alale kwenye matope?

Unyevu na ubaridi ni vitu viwili. Joto likishuka huku pakiwa pamelowa, kobe hupata mafua na gamba la tumboni huoza. Kwa watoto, lenga unyevu wa asilimia 70 hadi 80 pamoja na joto, na ununue kipima unyevu. Ni kifaa cha bei ndogo. Udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, unaonyunyiziwa maji mpaka chini panyevu na juu pakavu, ndio uliofanya kazi kwangu. Weka pia sanduku la kujifichia lenye mlango mdogo, ndani pamewekwa moss au makumbi yenye unyevu. Porini watoto wa kobe wa Sahel hushinda mashimoni, na nchi ya juani ikiwa kavu vipi, shimoni pana unyevu.

Nimwogeshe mara ngapi?

Mtoto kila siku, mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 15 hadi 20. Maji yawe vuguvugu na yasipite kidevu chake akiwa ametulia. Atakunywa na mara nyingi atajisaidia humo humo. Angalia uchafu mweupe anaoutoa pamoja na mkojo: ukiwa laini kama uji wa lishe, sawa, ukiwa na chengachenga kama mchanga, amekaukiwa maji, ongeza siku za kuogesha. Chengachenga hizo zikizidi huwa jiwe kibofuni.

Kwa kobe mwenye kibiongo, tandika kitambaa ndani ya beseni miguu isiteleze, na usiondoke. Akijipindua ndani ya maji hataweza kujigeuza.

Nimlishe nini?

Nyasi. Kobe wa Sahel na kobe wa madoadoa wa Afrika Mashariki ni wala nyasi, kama ng'ombe wadogo. Sehemu kubwa ya sahani iwe ukoka na nyasi nyingine, mbichi au zilizokaushwa na kukatwakatwa. Ongeza majani na maua ya haibiskasi, vipande vya mpungate uliotolewa miiba, na majani ya mlonge kiasi. Uwiano unaotafutwa ni kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi.

Mchicha na spinachi ndiyo mtego mkubwa katika nyumba zetu, kwa sababu vipo kila siku jikoni na kobe anavipenda. Vina oksalati nyingi, inayoshikana na kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Jani moja moja si kosa. Sahani nzima kila siku ni kosa. Letasi ni maji. Sukuma wiki na kabichi viwe vya nadra. Matunda kwa aina hizi mbili huvuruga tumbo. Mkate, ugali, wali, maziwa, chakula cha paka au mbwa: usimpe, hata akikufuata mezani.

Kalsiamu ya ziada iko ufukweni. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaotupwa na mawimbi, uoshe, uloweke maji safi siku mbili tatu ukibadilisha maji, uanike, kisha uuache bomani autafune apendavyo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa yanasaidia pia. Vidonge vya vitamini D3 ni jambo la daktari, kwa sababu ya kumezwa hujikusanya mwilini na ikizidi hudhuru; ya jua haizidi.

Kobe wangu ana kigae cha ziada, na vingine vimekaa upogo. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kwa kawaida mgongoni kuna vigae vitano vya katikati na vinne kila upande. Anayezaliwa na sita, au na viwili vilivyogawanyika, aliupata upogo huo ndani ya yai, mara nyingi kwa sababu kiota kilikuwa na joto kali au kikavu mno. Upogo huo hauumi, wala hauzidi.

Gamba la tumboni limebonyea kwa ndani. Ni ulemavu?

Kama ni mkubwa na mkia wake ni mrefu, huyo ni dume tu. Tumbo la dume lina bonde ili apate kumpanda jike.

Nimepata kobe bapa kabisa, gamba laini. Nimtibu vipi?

Usimtibu. Huyo huenda ni kobe bapa wa mawe, anayeishi kwenye nyufa za miamba Kenya, Tanzania na eneo dogo la Zambia. Mungu amemuumba hivyo: mifupa ya gamba lake ni myembamba yenye nafasi, ili aweze kujipenyeza mwambani ambako wenzake hawaingii. Yuko hatarini kutoweka kabisa, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nimesikia wengi wakimwita "kobe aliyekanyagwa". Toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori.

Naweza kulipaka gamba mafuta ya nazi ling'ae? Au kusugua vilele kwa msasa?

Naomba sana, usifanye. Gamba lina uhai ndani yake. Aliyefika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambako kobe wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, ameona jinsi wazao wao wanavyonyoosha shingo wakikunwa. Kobe huhisi mguso hata juu ya gamba. Chini ya keratini kuna neva, damu na mfupa. Ukisugua kilele cha nundu utaufikia mfupa mbichi, na pale ndipo uozo unapoingilia. Mafuta hunasa vumbi na kulea ukungu, rangi huziba mwanga na zingine zina sumu. Maji na mswaki laini vinatosha.

Gamba limepasuka: ameanguka, amegongwa, mbwa amemtafuna.

Zuia damu kwa kukandamiza shashi safi. Osha taratibu kwa maji ya chumvi ya hospitali au ayodini iliyozimuliwa hadi rangi ya chai nyepesi. Kama ufa ni mpana na unaona utando unaocheza anapopumua, usimimine chochote ndani, funika tu. Usigundishe kwa gundi, maana utafungia uchafu ndani. Mweke kwenye boksi kavu lenye kitambaa, mfunike nzi wasimfikie, wala usimwogeshe. Kisha daktari, siku hiyo hiyo. Magamba yaliyopasuka hupona, lakini huhesabiwa kwa miezi.

Kuna doa laini, linanuka.

Huo ni uozo wa gamba. Kobe mwenye nundu huupata kwa urahisi kwenye mabonde kati ya vigae, kwa sababu maji na kinyesi hukaa humo. Mkaushe mabondeni kila baada ya kuoga, kwa kitambaa au pamba. Doa likiwa dogo na kavu, liambie jicho lako lilifuate. Likiwa na harufu, majimaji, au wekundu chini ya kigae, linahitaji kusafishwa na daktari na pengine antibiotiki.

Jirani ana dawa ya minyoo ya mbuzi. Nimdunge kidogo?

Kama ni ivermectin, hiyo inaua kobe. Nalisema kwa ukali kwa sababu dawa hii iko kila duka la mifugo, ni nzuri kwa mbuzi na ng'ombe, na mtu humpa kobe kwa nia njema. Kwa kobe hupooza misuli, pamoja na ya kupumulia. Kobe wa madoadoa ni miongoni mwa wale ambao madhara haya yameonekana kwao. Usimdunge, usimpake, na mwambie mfanyakazi wa nyumbani pia. Peleka kinyesi kipimwe, daktari achague dawa nyingine.

Miguu ya nyuma ni dhaifu na anapinduka kila mara. Boma liweje?

Tambarare, bila ngazi, bila mawe ya kupanda. Sakafu ya vigae ni adui: miguu huteleza kando na nyonga huzidi kuharibika. Weka udongo au zulia la nyasi. Sahani ya maji iwe kama kifuniko cha sufuria, si bakuli. Usimweke na kobe dume mwingine, kwa sababu hupinduana. Kombo alianza kuinua makalio alipohamia kwenye udongo, nusu mwaka hivi baadaye.

Jike mwenye gamba lililopinda, atataga?

Anaweza kutengeneza mayai hata bila dume. Nyonga iliyobanwa na mfupa uliopinda inaweza kuyazuia yasitoke. Akichimba hapa na pale siku kadhaa bila kutaga, akiacha kula, akisukuma kwa nguvu, apigwe eksirei. Kumzalisha kwa makusudi siungi mkono.

Nawezaje kufuatilia maendeleo yake?

Mzani wa jikoni na daftari, siku ile ile kila wiki. Piga picha ya mgongo kutoka juu na kutoka ubavuni kila mwezi, mahali pale pale. Kuongezeka taratibu ni kuzuri. Kushuka wiki tatu mfululizo si kwa kupuuza hata kama anakula.

Sheria inasemaje?

Kobe wa madoadoa wa kwetu ni mnyamapori, hata akiwa amekuja mwenyewe bustanini. Kenya, kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, chini ya sheria ya 2013. Tanzania Bara, sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka leseni. Kobe wote wa nchi kavu wako kwenye mkataba wa CITES, kwa hiyo kumpandisha ndege bila karatasi ni kosa. Umemwokota akiwa amejeruhiwa? Piga simu kwa maofisa kwanza, wakuelekeze.

Ni lini nisingoje asubuhi?

Anapumua kwa mdomo wazi. Damu isiyokoma. Funza au mayai ya nzi kwenye jeraha. Miguu imelegea ghafla, shingo haiinuki. Amekutwa amelala chali juani. Jike anayesukuma bila yai kutoka. Mweke kwenye boksi lenye taulo, joto la kawaida, usimlazimishe kunywa wala kula njiani, na chukua daftari lake la uzito.